Albamu ya Kwanza ya Bendi ya Roki ya Indie: Mwongozo Kamili, Kuanzia Chumba cha Mazoezi Hadi Siku ya Kutoka

Bendi nyingi za roki ya indie, yaani zisizo chini ya kampuni kubwa za muziki, huingia studio mapema mno. Nyimbo zipo, hamu imejaa, akiba imepatikana, na kuna rafiki anayemfahamu fundi mitambo wa studio. Baada ya muda mfupi fedha zimekwisha, dramu zimerekodiwa kwa mwendo usiofaa, mwimbaji bado anahangaika na ubeti wa pili, na kila mmoja anajipa moyo kwamba mambo yatanyooka kwenye miksi, yaani pale sauti zilizorekodiwa zinapochanganywa kuwa wimbo mmoja. Hayanyooki. Maikrofoni huchukua kilichopo, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kufanya kabla hazijawashwa.

Tarehe 11 Februari 1963, The Beatles walirekodi nyimbo kumi za albamu yao ya kwanza kwa siku moja jijini London. Albamu ya kwanza ya Nirvana, Bleach, iliyotoka mwaka 1989 kupitia lebo ndogo ya Sub Pop, ilirekodiwa Seattle na fundi Jack Endino kwa dola 606.17. Sisemi mfanye kwa siku moja wala kwa fedha hizo. Nasema tu kwamba muda mfupi na fedha kidogo hutosha pale bendi inapofika mlangoni ikiwa tayari inajua itakachopiga.

Hatua ya 1: Chagueni nyimbo bila kuoneana haya

Fikeni na nyimbo kumi na tano hadi ishirini, rekodini kumi na mbili, kisha wekeni tisa hadi kumi na moja kwenye albamu. Albamu ya kwanza ya roki inakaa vizuri kwenye dakika 35 hadi 42. Kipimo hicho kina sababu ya kiufundi, maana upande mmoja wa santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika hubeba dakika 18 hadi 20 hivi kwa sauti nzuri. Ukiuongezea muda, mifereji inabanana, sauti inapungua na besi inadhoofika. Hata kama hamna mpango wa santuri leo, mnaweza kuutaka baada ya mwaka mmoja, na hapo hamtapenda kuanza kukata nyimbo.

Kila mwanabendi aandike orodha yake akiwa peke yake, kisha mzilinganishe. Wimbo uliotajwa na wote unaingia. Uliotajwa na mmoja tu, mwacheni autetee, kisha upigeni jukwaani mara kadhaa mkitazama watu wanafanya nini. Wasikilizaji wasiowajua ni waamuzi wazuri kuliko marafiki. Wimbo ambao watu huanza kuzungumza ukifika kiitikio una tatizo, hata kama ninyi mnaupenda.

Jaribio lingine ni kuupiga wimbo kwa gitaa moja na sauti moja tu. Ukisimama hivyo, utasimama popote. Lakini msilifanye sheria, kwa kuwa kuna nyimbo za roki zinazoishi ndani ya mdundo wa dramu na kishindo cha gitaa mbili, na zikivuliwa hivyo vyote zinaonekana maskini bila kustahili.

Hatua ya 2: Andikeni mgawanyo wa haki kabla ya kurekodi

Sehemu hii haina raha, na ndiyo inayovunja bendi. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili tofauti. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani melodi, maneno na muundo wa wimbo. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, na mara nyingi huwa ya aliyeigharimia au aliyetajwa kwenye mkataba. Fedha zake hupita njia tofauti, hukusanywa na vyombo tofauti, na watu wanaostahili kulipwa huenda wasiwe walewale.

Chukueni karatasi moja kwa kila wimbo. Andikeni jina la wimbo, majina kamili ya watunzi, asilimia ya kila mmoja (jumla iwe 100), tarehe na saini. Karatasi nyingine iseme nani anamiliki rekodi, jina la bendi linabaki kwa nani, na mtu akiondoka anaendelea kulipwa nini.

Ushauri wangu kwa albamu ya kwanza ni kugawana utunzi sawasawa, hata kama mmoja ndiye anayeleta nyimbo nyingi. Mkigawana kwa kuhesabu mistari, kila anayependekeza wimbo uingie atakuwa pia anapendekeza kipato chake, na mazungumzo ya muziki yatageuka ya fedha. Mpiga dramu aliyebuni mdundo unaoubeba wimbo mzima asiachwe bila kitu. Mkiona mgawanyo sawa hauwafai, ni sawa, ila uandikeni huo mwingine sasa, kabla hakujawa na cha kugombania.

Hatua ya 3: Mazoezi yanayoelekea kurekodi

Mazoezi ya jukwaani hukufundisha kufika mwisho wa wimbo. Mazoezi ya albamu hukufundisha kusikia kila kilichomo. Wekeni simu katikati ya chumba, rekodini kila wimbo, na msisikilize siku hiyohiyo. Kesho yake masikio yamepoa, na mtasikia yaliyowapita: utangulizi mrefu kupita kiasi, kiitikio cha tatu kisichoongeza chochote, daraja (kipande tofauti kinachounganisha sehemu za wimbo) lililowekwa kwa sababu tu nyimbo huwa na daraja.

Anzeni na mwendo. Jukwaani kila bendi hukimbia, na mwendo unaosisimua mbele ya watu unaweza kuyasonga maneno kwenye rekodi. Pigeni wimbo kwa mwendo tatu tofauti, mkipishanisha mapigo mawili au matatu kwa dakika, mwacheni mwimbaji achague, kisha mwandike namba. Kisha njooni kwenye ufunguo, yaani kimo cha noti ambacho wimbo unapigwa: je, mwimbaji anaifikia noti ya juu baada ya kuimba saa mbili, au anaifikia tu akiwa na nguvu mpya? Kushusha nusu toni hakuna aibu yoyote.

Kwenye gitaa, kosa la kawaida ni gitaa mbili kupiga kodi zilezile mahali palepale pa shingo. Chumbani zinasikika kubwa. Kwenye rekodi zinakuwa tope moja, na fundi hana namna ya kuzitenganisha. Mmoja apande juu, atumie kapo (kibanio cha shingo ya gitaa kinachopandisha noti), apige nyuzi mbili tu, au anyamaze kwenye beti na kuingia kwenye kiitikio. Ukimya wa gitaa ya pili ndio unaofanya kuingia kwake kuwe na maana. Besi na dramu ya mguu nazo zikubaliane mapema zinagonga pamoja wapi na zinaachana wapi.

Mpiga dramu afanye mazoezi na kliki (mlio wa kuhesabu mapigo masikioni) kwa nyimbo zote, hata zile mtakazoamua kuzirekodi bila kliki. Atakayezoea kliki atapiga vizuri hata akiiondoa, na mtajua kama kule kuongeza kasi kwenye kiitikio ni uamuzi wenu au ni uchovu wa mikono.

Mwisho wa hatua hii, kila wimbo uwe na ukurasa wake: mwendo, ufunguo, muundo, namna nyuzi zilivyofungwa, gitaa ipi, ampu ipi, sauti za ziada ziingie wapi. Na maneno yawe yamekamilika, yote. Kuandika mashairi huku saa ya studio ikihesabiwa ndiyo njia ya gharama kubwa kabisa ya kuandika.

Hatua ya 4: Fedha na mahali

Gaweni fedha mara tatu: kurekodi, miksi pamoja na masta (umaliziaji wa mwisho wa sauti ya albamu), na kuitoa albamu. Sehemu ya tatu ndiyo inayoliwa na zile mbili, hivyo itengeni kwanza na msiiguse.

Katika kurekodi, fedha ziende kwenye dramu. Gitaa hurekodika hata chumba cha kulala, na sauti ya kuimba inahitaji tu maikrofoni nzuri na kona iliyozungukwa na mapazia mazito. Dramu zinataka dari ya juu, maikrofoni nyingi, mtu anayejua kuziweka, na majirani wasiolalamika. Kodini studio nzuri kwa siku tatu au nne, mkamilishe dramu, besi na gitaa za msingi, yaliyobaki myamalizie nyumbani bila haraka.

Fundi msimchague kwa orodha ya vifaa vyake. Sikilizeni dramu kwenye kazi alizofanya, hasa za bendi zisizo na fedha kama ninyi. Muulizeni kabla ya kulipa: faili zote za kila chombo mtapewa? Kwa muundo gani? Lini? Andikeni majibu. Bendi isiyo na faili zake haiwezi kubadilisha fundi wa miksi wala kutoa toleo jipya baadaye.

Hatua ya 5: Kurekodi

Siku chache kabla, badilisheni ngozi za dramu na mzifunge vizuri. Pakeni mafuta kanyagio linalolia. Gitaa ziwekewe nyuzi mpya siku moja kabla ili ziwahi kunyooka, na nyingine za akiba ziwepo. Nyuzi za besi ni jambo la ladha, kwani kuna wapigaji ambao sauti yao nzuri iko kwenye nyuzi kuukuu.

Kwenye mipangilio ya ubora ya programu ya kurekodi, chagueni biti 24, kwa 44.1 au 48 kHz. Biti 24 zinawapa nafasi ya kutosha, kwa hiyo hakuna haja ya kupandisha sauti hadi taa nyekundu. Vilele vikiishia karibu na −10 dBFS (kipimo cha sauti ya kidijitali ambacho kikomo chake ni 0) na wastani ukizunguka −18, mko salama. Sauti iliyopasuka kwenye kompyuta haitengenezeki tena.

Dramu zinaweza kurekodiwa kwa maikrofoni nne tu. Fundi Mwingereza Glyn Johns alijulikana kwa mpangilio ambao bado unafaa kwa bendi yenye vifaa vichache: moja kwenye dramu ya mguu, moja kwenye sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali), moja juu ya dramu, na nyingine pembeni, upande wa tomu ya sakafuni (dramu kubwa inayosimama kwa miguu yake). Hizo mbili za juu na pembeni ziwe umbali uleule kutoka katikati ya sneya. Pimeni kwa kamba. Umbali ukitofautiana, sauti ya sneya inafika kwenye maikrofoni moja kabla ya nyingine, mawimbi yanakatana, na dramu inasikika nyembamba bila mtu kuelewa sababu. Baada ya kuziweka, sikilizeni maikrofoni mbilimbili na mbonyeze kitufe cha kugeuza polariti, yaani kulipindua wimbi la sauti juu chini. Mkao wenye besi nzito zaidi ndio sahihi.

Kisha pigeni pamoja. Hapa nina msimamo mkali: msingi wa kila wimbo, yaani dramu, besi na angalau gitaa moja, urekodiwe watu wakiwa wanatazamana. Ampu zinaweza kuwekwa chumba kingine, besi ikapita kwenye kisanduku cha DI (kinachoiunganisha na mitambo moja kwa moja bila ampu), mwimbaji akaimba sauti ya kuongozea tu. Bendi ya roki ina kuvutana kwake, mpiga besi anayechelewa kidogo na mpiga dramu anayesukuma mbele, na hilo hupotea kila mmoja akirekodi peke yake siku yake. Kama kuna kitu kinachowatofautisha ninyi na bendi nyingine elfu zenye gitaa zilezile, basi kiko humo.

Pigeni wimbo mzima mara tatu au nne. Ukigoma, nendeni kwenye mwingine na mrudi kesho. Kosa dogo ndani ya upigaji wenye uhai ni afadhali kuliko usafi wa mara ya kumi na mbili. Anzeni siku na wimbo rahisi mnaoujua kwa mwili, si ule mgumu mnaouogopa. Na kila mtu apate mchanganyiko wa hedifoni anaouridhia, kwa sababu mpigaji asiyejisikia vizuri hupiga kwa nguvu kupita kiasi.

Gitaa za kuongeza: maikrofoni ya kawaida kama Shure SM57 inatosha. Iwekeni karibu kabisa na wavu wa spika. Ikielekezwa katikati ya koni sauti inakuwa kali, ikisogezwa ukingoni inakuwa nene, na sentimita mbili tu zinabadilisha kila kitu. Isogezeni kabla ya kugusa ikwaliza, yaani vidhibiti vya sauti nene na kali. Punguzeni mkwaruzo (distortion) kuliko mnavyotumia jukwaani. Mkwaruzo mwingi unabana sauti na kufuta mshindo wa kidole kwenye uzi, na gitaa mbili zenye mkwaruzo wa wastani husikika kubwa kuliko moja iliyojaa. Mkitaka ukuta wa gitaa, pigeni sehemu ileile mara mbili, moja kushoto na moja kulia. Kunakili faili hakuleti matokeo hayo, maana upana unatokana na tofauti ndogo za mkono. Hakikisheni nyuzi zimefungwa sawa kila mara kabla ya kurekodi, si kila baada ya wimbo.

Kwa sauti ya kuimba, umbali wa sentimita 15 hadi 20 na kichujio cha pumzi mbele ni mwanzo mzuri. Nyimbo mbili au tatu kwa siku, zisizidi. Nyimbo za kupaza sauti ziwe mwisho wa siku, kwa kuwa baada yake koo halina la kutoa. Imbeni wimbo mzima mara nne au tano, kisha mchague vipande bora huku mkishika uzi wa hisia: mistari inayofuatana ikitoka siku moja, msikilizaji anaiamini zaidi. Programu za kunyoosha noti zitumieni kwa kiasi. Noti iliyopotea inyoosheni, iliyoegemea kidogo iacheni.

Kila jioni, nakala tatu za faili, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ilale nje ya jengo hilo.

Hatua ya 6: Miksi

Pumzisheni masikio angalau wiki moja kabla ya kuanza. Mtu mwingine amiksi, kama fedha zinaruhusu hata kidogo, kwa sababu ninyi mnakumbuka jinsi kila sauti ilivyopatikana, na msikilizaji hajui wala hajali.

Mpeni fundi nyimbo tatu za watu wengine zenye hali mnayoitaka, na sentensi moja kuhusu kila wimbo wenu. Teueni msemaji mmoja. Maoni yote yakusanywe kwenye orodha moja yenye dakika na sekunde, mfano “1:42, gitaa ya kulia ishuke kidogo”. Kila mpigaji ataomba sauti ya chombo chake ipandishwe, na mkikubaliana na wote mtarudi mlipoanzia. Kubalianeni mapema na fundi kuhusu raundi tatu za marekebisho.

Sikilizeni kwa sauti ya chini, kwenye simu, ndani ya gari, na kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa sauti moja. Gitaa zikitoweka kwenye mono, kuna tatizo la fezi, yaani mawimbi ya sauti yanafutana. Kuhusu sauti ya mwimbaji, bendi za indie hupenda kuizamisha kwa haya. Kama maneno mliyaandika kwa uchungu, yapandisheni hadi yasikike, na kama mnataka yazame, iwe kwa sababu wimbo unadai hivyo.

Ombeni pia toleo lisilo na sauti ya kuimba kwa kila wimbo. Siku mtu akitaka kuutumia kwenye filamu au tangazo, ndilo la kwanza kuulizwa.

Hatua ya 7: Mpangilio na masta

Mastaringi ifanywe na mtu ambaye hakumiksi. Mpelekeeni faili za biti 24 bila limita (kifaa kinachozuia vilele vya sauti) juu yake. Msimwombe tu “iwe na sauti kubwa”. Spotify husawazisha sauti za nyimbo kwenye kiwango cha −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) kwa kawaida, kwa hiyo rekodi iliyobanwa kupita kiasi hushushwa na kubaki imebanwa bila faida yoyote. Hiyo −14 si lengo la kulifukuzia. Roki nyingi hukaa juu yake na husikika vizuri. Linaloharibu ni kubana hadi sneya ikose mshindo. Vilele halisi viachwe chini ya −1 dB ili visipasuke faili zinapogeuzwa.

Santuri inahitaji masta yake. Kadiri sindano inavyokaribia katikati ya sahani ndivyo sauti za juu zinavyochakaa na herufi “s” zinavyokwaruza. Kwa hiyo nyimbo kali ziwe mwanzo wa kila upande, zile tulivu zifungie. Besi nzito ibaki katikati, isitawanywe kushoto na kulia.

Wimbo wa kwanza useme ninyi ni akina nani, na si lazima uwe ndio maarufu. Angalieni pia funguo na mwendo wa nyimbo zinazofuatana, maana nyimbo tatu mfululizo zenye mwendo mmoja humchosha mtu asijue kimemchosha nini. Nafasi ya kimya kati ya nyimbo ni sehemu ya muziki, ipangeni kwa sikio.

Hatua ya 8: Kuitoa

Kila rekodi inahitaji namba ya utambulisho ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12, na albamu nzima inahitaji namba ya bidhaa ya UPC au EAN. Wasambazaji wengi wa kidijitali huzitoa. Majina ya watunzi yaandikwe vilevile kila mahali, bila kufupisha huku na kurefusha kule, kisha sajilini kila wimbo kwenye chama cha haki za watunzi mliko. Jalada liwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, na lisomeke hata likiwa dogo kama ukucha.

Msitangaze tarehe kabla masta haijakamilika. Kama kuna santuri, msitangaze kabla ya kusikiliza sahani za majaribio mwanzo hadi mwisho, zaidi ya nakala moja, kwenye mashine tofauti. Kelele ikijirudia mahali palepale kwenye nakala zote, kosa liko kwenye bamba la kiwanda na mna haki ya kukataa.

Peleka faili kwa msambazaji wiki nne hadi sita mapema. Kupitia Spotify for Artists mnaweza kupendekeza wimbo mmoja kwa wahariri wa orodha zao, na uwasilishwe angalau siku saba kabla ya kutoka. Tangu Julai 2015 Ijumaa ndiyo siku ya kutoa muziki mpya duniani, lakini bendi ndogo haijafungwa nayo. Tangulizeni nyimbo mbili au tatu moja moja, zikipishana wiki chache, na msianze na ile mnayoiamini zaidi, iwekeni iwe ya mwisho kabla ya albamu.

Kwa waandishi wa muziki, tumeni barua fupi: kiungo cha kusikiliza, picha moja nzuri yenye jina la mpiga picha, aya mbili kuhusu bendi, na sababu moja ya kweli ya kumwandikia yeye. Anayeandika kuhusu bendi ndogo ana thamani kuliko orodha ya anwani mia.

Siku ya kutoka, fungueni kila jukwaa na kukagua majina, mpangilio wa nyimbo na maneno. Makosa yatumwe kwa msambazaji siku hiyohiyo. Fedha za kwanza zikiingia, hata ziwe ndogo, zigaweni kama karatasi zinavyosema, na risiti ziwekwe mahali ambapo kila mwanabendi anaweza kuziona.